Bei njoo inboksi: maswali yenu kuhusu kuuziana kamera, magitaa na vikorokoro vingine vya mtumba

Toleo hili maswali ya mbolea na viwanja nimeyaweka kiporo kidogo, maana meseji zilizojaa kwenye simu ya ofisi kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ni za watu wanaouziana vitu vya hobi vilivyokwisha tumika, kamera, magitaa, vinanda, gemu, huko Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp, na ukizisoma unakuta wanaogombana wala hawagombanii ukubwa wa bei, wanagombania namna ilivyotajwa, ilivyofichwa au ilivyobadilishwa njiani. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Zile ndefu nimezikata.

Anko habari za kazi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendofu hapa Uyole, nauza kamera yangu ya zamani Canon 700D na lenzi yake ya 18-55, lenzi nyingine ya 50, betri mbili na begi. Nimeposti kwenye grupu nikaandika BEI NJOO INBOKSI, watu wakanishukia kama mwizi eti kwanini naficha bei. Mimi sijaficha, nilitaka niongee na mtu aliye siriazi. Kosa langu nini hapo? Na nikitaja nitaje ngapi, maana mpya niliichukua milioni na laki tatu. (Mpiga picha, Uyole)

Kaka, wamekushukia kwa ukali ila hoja wanayo. Mtu akikuta tangazo limeandikwa bei njoo inboksi anawaza mambo mawili na yote hayakusaidii, kwanza kwamba bei ni kubwa mpaka mwenyewe unaona noma kuiandika, pili kwamba unataka umuone kwanza ni nani ndo umpangie, akiwa na picha ya gari kwenye profaili inapanda, akiwa dogo wa chuo cha MUST inashuka kidogo. Inawezekana hukuwaza hivyo kabisa, lakini yeye hakujui, anaiona posti tu. Na hao wateja siriazi unaowataka ndo wa kwanza kupita, mtu mwenye hela yake mkononi hana muda wa kuanza mambo vipi, habari za saizi, kamera bado ipo, ndo mwishoni aambiwe namba ambayo hana. Bei ikiandikwa inachuja watu yenyewe wewe ukiwa umelala.

Andika kwa tarakimu kabisa. Siyo bei poa, siyo bei ya kutupa, siyo bei chee. Kama maelewano yapo sema yapo, kama hakuna andika haipungui alafu usipunguze kweli, maana ukiandika haipungui asubuhi na jioni ukampunguzia mtu elfu themanini, yule aliyekuja asubuhi akaondoka kimya atasikia tu, Uyole siyo kubwa kiasi hicho.

Sasa ngapi. Ile milioni na laki tatu iweke pembeni, ilisharudi zamani kwenye harusi za watu. 700D ilitoka mwaka 2013, toka hapo Canon wametoa matoleo mengine kibao na wapiga picha wengi wanahamia kwenye mirolesi, zile kamera zisizo na kioo ndani, kwahiyo anayechukua bodi yako leo, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hanunui kile ulichonunua wewe. Ingia kwenye magrupu tafuta kamera hiyohiyo, ila usiishie kwenye bei zilizoandikwa, wafate waliokwisha uza uwaulize kistaarabu iliondoka kwa ngapi, wengi wanasema bila tatizo. Tangazo lenye miezi minne ambalo bado linapandishwa juu kila wiki, hilo linakuonesha bei ambayo watu wameshaikataa.

Alafu taja shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kujifunga kila ukipiga, kwamba kimeshapiga picha ngapi. Shata ya 700D inakadiriwa kwa picha kama 100,000, na kamera ya maharusi siyo ya mtu aliyekuwa anapiga watoto wake Krismasi, ukipiga elfu moja na kitu kwa harusi, harusi kila wikiendi msimu mzima, namba inakimbia. Nikon mara nyingi hesabu unaikuta imeandikwa ndani ya faili la picha yenyewe, hii yako haiandiki hapo, inabidi uchomeke waya wa USB kwenye kompyuta yenye programu ya kuisoma, kwahiyo mnunuzi hawezi kujionea kwa kuangalia picha uliyomtumia. Isome wewe, piga picha hiyo skrini, weka kwenye tangazo. Kama imefika elfu tisini sema na bei iendane nayo. Haimaanishi ikigonga laki inakufa hapohapo, kuna zinazopita mbali tu, ila mnunuzi ndo anabeba wasiwasi na wasiwasi unalipwa kwenye bei.

Na usiuze kifurushi kimoja tu. Lenzi ya 50 haichakai haraka kama bodi, na kuna mtu ana Canon yake tayari anaitafuta hiyohiyo. Weka bei ya bodi na 18-55, weka bei ya 50, alafu chini weka bei ya vyote pamoja yenye unafuu unaoonekana. Begi na betri ya pili usivihesabie sana, hivyo ndo vya kufungia mazungumzo, mtu akikwama kwenye elfu ishirini unamwambia basi chukua na begi tumalize. Nafasi ya kupunguza iache, huku kwetu mtu anaomba nyongeza hata kwenye fungu la nyanya Soko Matola, hawezi kununua kamera bila kuomba chochote, ila iwe ndogo, sehemu ya kumi hivi. Ukiandika laki saba wakati roho yako iko kwenye laki nne na nusu unawafundisha watu wa grupu kwamba namba zako ni za kukatwa katikati, na tangazo lako lijalo wataanzia hapo.

Shikamoo anko. Niko chuo hapa Iringa, naishi Kihesa. Nilielewana inboksi na jamaa wa Mafinga gitaa la Yamaha F310 kwa laki na themanini, akasema poa njoo Jumamosi. Jumamosi nimepanda gari mpaka Mafinga, nafika stendi nampigia ananiambia kuna mtu kafika laki mbili na ishirini, kwahiyo na mimi nifike hapo au niache. Nimerudi mikono mitupu na nauli imeisha. Rafiki yangu anasema biashara ni biashara, jamaa hajapokea hela yangu kwahiyo hatukuwa na makubaliano. Ni kweli? (Mpiga gitaa, Kihesa)

Marahaba mwanangu, na pole ya safari, kilomita kama 80 kwenda na 80 kurudi bila gitaa siyo mchezo.

Siyo kweli. Jamaa alisema poa. Bei ilitajwa, siku ikatajwa, akakubali, hapo gitaa limeshauzwa limebaki kukabidhiwa. Hata Sheria ya Mikataba haidai kila makubaliano yawe yameandikwa na kupigwa muhuri, ingawa najua na wewe unajua hakuna mtu ataenda mahakamani kwa gitaa la laki na themanini, ndo maana watu wa aina hii wanafanya wanavyotaka. Aliyekuja na laki mbili na ishirini alitakiwa aambiwe maneno mafupi tu, limeshachukuliwa, akishindwa nitakutafuta. Hilo halimpunguzii muuzaji chochote. Anaogopa kupoteza elfu arobaini, sawa, lakini alikuwa na nafasi ya kuzitaka hizo elfu arobaini kabla hajasema poa, angesema tu nasubiri mpaka Ijumaa nione nani atafika wapi, hilo ni sawa kabisa na hakuna wa kumlaumu. Hakuna aliyemlazimisha kukubali siku ile.

Ila na sisi wanunuzi tuna yetu. Muuzaji mmoja wa vinanda hapa mjini aliniambia kwake "nakuja kesho" haina maana yoyote tena, anaisikia kila siku, na nadhani hata huyo wa Mafinga kuna waliomzoesha hivyo. Dawa yake ni kishika uchumba, hela kidogo ya kutanguliza. Sehemu ya kumi ya bei inatosha, kwa gitaa lako elfu ishirini hivi, na inaandikwa kwenye meseji kwa namna ambayo hakuna wa kuja kubishana: "Nimepokea elfu ishirini ya gitaa F310, bei ni laki na themanini, imebaki laki na sitini, mwisho Jumapili saa kumi na mbili jioni, nikighairi mimi narudisha yote, usipotokea wewe hairudi." Muuzaji ndo aandike hivyo, na mnunuzi ajibu ndiyo. Hapo mtu akija hata na laki tatu anaambiwa limeshikwa.

Na hapohapo nikutahadharishe, maana kishika uchumba ndo chambo cha matapeli namba moja. Usitume hata elfu tano kwa kitu ambacho hakijaonwa na wewe au na mtu wako. Kama huwezi kufika omba apige video ya papo kwa papo, mwambie aligeuze, akaze waya mmoja, alipige, matapeli wanakuwaga na picha walizodonoa kwa mwingine, hawana gitaa la kugeuza. Unapotuma jina la usajili linatokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome kweli, siyo unabonyeza tu, kama mtu anajiita fundi fulani wa Mafinga na jina linatoka la mama mmoja usiyemjua, simama hapo. Ukishaona ni tapeli ripoti namba yake TCRA kwa kutuma kwenda 15040.

Kitu cha mwisho kwenye hili. Siku ukifika na gitaa lipo, usianze tena mlangoni kwamba unayo laki na hamsini tu. Hilo ndo lilelile alilokufanyia yeye, limegeuzwa tu. Kushusha bei ukiwa umeshafika ni halali pale tu ukikuta kitu ambacho hakikusemwa, shingo imepinda, daraja limeanza kuachia kwenye ubao, hapo unamuonesha kwa kidole na mnaanza upya bila kununiana.

Anko, mimi nipo Makambako. Nimenunua lenzi kwa dada mmoja wa Soweto Mbeya, tangazo linasema 250,000. Nimetuma 250,000 kamili, ananiambia mbona hujaweka ya kutolea. Nikaweka. Akasema bado hela ya basi. Nikaweka. Akasema na ya boda mpaka stendi. Nikaona hapa nitalipia mpaka chai yake. Nani analipa nini jamani? (Aliyechoka, Makambako)

Hahaha. Hiyo ya chai sijawahi kuikuta ila sishangai.

Tuanze na ya kutolea, maana hii inaleta kununiana kuliko bei yenyewe. Ukimtumia mama kijijini, ukimchangia mtu msiba, unaweka ya kutolea bila kuambiwa, ni heshima. Biashara ni kitu kingine. Ukienda dukani hakuna muuzaji anakwambia ongeza hela ya mimi kwenda benki, kwahiyo bei iliyoandikwa kwenye tangazo ndo bei, na kama muuzaji anataka imfikie mkononi kamili anaandika mapema "250,000 na ya kutolea" au anapandisha kidogo bei anamaliza maneno. Kusubiri hela iingie ndo useme hiyo siyo ustaarabu, maana mwenzako hawezi tena kurudi nyuma. Njia nyingine ni muuzaji kuwa na lipa namba, wengi wa Mwanjelwa wanazo siku hizi, au mkubaliane mtandao upi maana makato ya mtandao kwenda mtandao yanatofautiana, na makato yanapanda kulingana na kiasi, kwahiyo angalieni kabla ya kutuma, siyo baada.

Basi ni mnunuzi. Hiyo imezoeleka na naona iko sawa, wewe ndo unataka kitu kitoke kwao kije kwako. Boda mpaka stendi na kufungasha ni muuzaji, kwa maoni yangu, hiyo ni sehemu ya kukabidhi. Wapo wasiokubaliana na mimi hapa, wanasema boda nayo ni usafiri, haya, ila basi isemwe siku ya kwanza na yote ijumlishwe namba moja. "Jumla mpaka Makambako 265,000" inasomeka vizuri kuliko elfu tatu tatu zinazokuja kila baada ya dakika kumi.

Mkishamalizana muuzaji atume picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba yake, na namba ya simu ya ofisi au ya konda. Lenzi isiende kwenye buti ikiwa kwenye mfuko wa rambo, kuna mtu anaona sawa kabisa. Izungushie nguo, iingie kwenye boksi gumu, boksi lisiwe na nafasi ya kucheza ukilitikisa, na andika juu kwamba ni kioo. Ikivunjika njiani inakuwa ya nani? Semeni kabla. Mimi naona muuzaji akishafungasha vizuri, akapiga picha kabla ya kufunga, akakabidhi ofisini na risiti akaituma, kazi yake imeisha, kinachofuata mnunuzi na wenye basi. Asipofungasha vizuri ni juu yake hata kama ilifika Igawa hapo njiani ikiwa nzima.

Ndaga fijo (asanteni sana) kwa safu yenu. Mimi ni mama wa Tukuyu, nilikuwa napiga picha za kipaimara na mahafali, nimepumzika sasa. Lenzi yangu moja ukiimulika unaona ndani kama utando wa buibui, lakini picha bado zinatoka safi kabisa. Nikisema hawatanunua, nikinyamaza naweza nikapata bei nzuri. Nifanyeje, na kama nikisema nipunguze kiasi gani? (Mama, Tukuyu)

Mama, useme. Na utakuta kusema siyo mwisho wa biashara.

Hiyo ni fangasi, na Tukuyu kwenu mvua inapita milimita 2000 kwa mwaka, kamera iliyokaa kwenye begi kabatini tangu masika inaota tu, wa Iringa mjini kwenye ukavu wao hawaijui vizuri shida hii. Tatizo ni kwamba picha kuwa safi leo haisemi kitu kuhusu mwakani, ule utando unakula ile rangirangi iliyopakwa juu ya kioo, na hata fundi akiifungua akaisafisha alama zinaweza kubaki. Ikizidi ndo picha zinaanza kuwa na ukungu, hasa ukipiga kuelekea kwenye mwanga. Alafu mnunuzi akiiweka kwenye begi moja na lenzi zake nyingine, begi lenye unyevu, anaogopa na hizo zitaota, na hajakosea. Sasa fikiria siku anaimulika na tochi ya simu sebuleni kwake, na jina lako analo, na namba yako ya simu anayo.

Kwahiyo imulike wewe. Fungua tundu la mwanga la lenzi lote, siyo kuifumua lenzi, weka tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili, piga picha ule utando unavyoonekana, weka kwenye tangazo pamoja na picha mbilitatu ulizopigia lenzi hiyohiyo karibuni. Uandike: ina fangasi ndani, picha zinatoka hivi, bei imeshazingatia. Hiyo sentensi ya mwisho inafuta nusu ya maswali.

Kupunguza: muulize fundi kamera wa Mbeya mjini kusafisha lenzi ya aina hiyo ni ngapi, toa hiyo kwenye bei ya lenzi nzima, alafu toa tena kidogo kwasababu anayenunua ndo anabeba bahati nasibu ya fundi kufungua na kushindwa kurudishia. Kama hesabu hiyo haiingii akilini kwa lenzi ya bei ndogo, na mara nyingi haiingii, iuze kama lenzi ya mtu anayejifunza, bei ya kujifunzia. Lenzi zako zilizobaki ziweke kwenye ndoo ya plastiki inayofunga vizuri na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uwe unavibadilisha.

Kaka, nauza kinanda changu cha Yamaha laki nne. Mwenyekiti wa kwaya yetu kasikia, anataka kwa laki mbili, tena kidogo kidogo, eti sadaka ikipatikana. Nikikataa nitaonekanaje Jumapili? (Mpiga kinanda, Mwanjelwa)

Utaonekana mtu anayeuza kinanda.

Ila kuna namna. Usiwachanganyie bei na sadaka, tenganisha. Waambie bei ni laki nne, kwa kwaya nafanya laki tatu na nusu, na elfu hamsini hiyo ni mchango wangu, iandikwe kwenye daftari kwamba nimechangia. Hapo hakuna wa kusema umewabania na wala hujauza kwa nusu bei huku moyoni umekasirika kila ukikisikia kinalia. Kulipa kidogo kidogo kubali awamu mbili zenye tarehe, uandikiane na mhazini, siyo mwenyekiti, mwenyekiti anabadilika mwakani. Kinanda kinatoka nyumbani kwako ikishaingia awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza isipungue nusu. Wakishindwa hapo, muuzie mwingine na uendelee kuimba sauti yako ya pili bila kinyongo.

Anko kuna jamaa kwenye grupu letu la Tunduma kila tangazo lazima aandike chini "hiyo Kariakoo laki mbili tu" au anabandika skrinshoti ya eBay, ule mtandao wa nje wa kuuziana vitu. Ameniharibia mara mbili baiskeli yangu ya gia. Ni haki yake? (Muuza baiskeli, Tunduma)

Anakera, ila tumgawe mara mbili. Kama anachoandika ni kweli na wewe umepandisha mno, alitakiwa akufate pembeni akwambie, ndugu hapo umezidisha, na wewe ungeshukuru au ungempuuza. Kumuandikia mtu hadharani chini ya tangazo lake wakati wewe mwenyewe hununui ni kumharibia, hakuna jina lingine. Anayeona bei kubwa anapita, hiyo ndo adabu, au anatoa ofa yake. Kinachosemwa hadharani ni kitu kimoja tu, kwamba picha ni za kudonoa, kitu ni cha wizi au mtu ni tapeli, hapo paza sauti na ushahidi uweke.

Na hizo bei zake mara nyingi hazifanani na za kwako. Kariakoo ni Kariakoo, kutoka kule mpaka Tunduma kuna nauli na mzigo na hatari ya kubambikiwa. eBay nako watu wanasoma vibaya, bei iliyoandikwa ni anayotaka muuzaji, kuna sehemu ya kuchuja uone zilizouzwa kweli, na hata ukiipata hiyo bado hujaweka usafirishaji mpaka huku, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Mjibu mara moja, kwa upole: "Asante kaka, mimi yangu ipo Tunduma, unakuja unaipanda kabla hujalipa." Baada ya hapo nyamaza, ukibishana naye tangazo linageuka kijiwe. Ila kwenye baiskeli sema ukweli wa mnyororo, friwili na breki, kwa milima yetu hivyo vinaisha haraka na mnunuzi akifika ndo vya kwanza kushika. Na magurudumu mapya uliyofunga usitegemee yarudi yote kwenye bei, mtu analipia sehemu tu.

Nipo Njombe, kuna kijana ananiuzia PS4 laki moja na nusu, wengine wanauza zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nimemuuliza risiti amekasirika, eti namuita mwizi. Nimekosa adabu? (Mzazi, Njombe)

Hujakosa. Kuuliza kitu kilitoka wapi ni swali la kawaida kama kuuliza kinatumia waya gani, na aliyenunua kihalali hata kama risiti ilipotea ana hadithi, alinunua wapi, lini, boksi lilienda wapi. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na polisi wakifika wanaanzia kwa aliye nayo, ambaye atakuwa ni wewe na mwanao.

Bei ndogo peke yake siyo ushahidi, kuna watu wana shida ya ada kweli. Mwambie hivi: tukutane mchana sehemu yenye tivii, uiwashe mwenyewe, uingie na akaunti yako, unioneshe magemu yako na ulivyocheza, alafu uitoe akaunti yako na ufute vitu vyako vyote vya ndani mbele yangu ndo nikupe hela. Mwenye PS4 yake anafanya hayo kwa dakika chache huku anakuelezea gemu ipi imekwama wapi. Akianza kusema nywila ameisahau na padi ziko kwa rafiki yake, rudi nyumbani.